TV janja, na ujanja wa anayekuuzia

Ndugu wasomaji, leo nina ugomvi. Siasa tumezisema sana hapa kijiweni, na Simba na Yanga ndiyo usiseme. Leo naomba tuzungumzie TV. Ndiyo, hiyo hiyo ya sebuleni. Na naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunirushia mawe, maana najua kati yenu wapo wenye kibubu chini ya kitanda, na mwisho wa mwezi wanakivunja waende Kariakoo.

Msimamo wangu nautoa mapema tusipotezeane muda. TV nyingi za bei ya chini zinazouzwa hapa Bongo kwa jina la "TV janja" hazina ujanja wowote. Ujanja wote anao anayeziuza. Mwenye familia ambaye mfuko wake ni wa kubana anatakiwa anunue kioo, sauti na uhakika wa spea. Ujanja aununue pembeni kwa hela ndogo, ili ukizeeka autupe, kioo kibaki ukutani.

Hilo ndilo neno langu. Sasa nianze kulitetea.

Sisi wa Bara tumeijua TV juzi tu. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, sisi huku tukasubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi kama ITV vikaanza kurusha matangazo. Tukaanza na TV za chogo, moja mtaa mzima, watoto wamejazana dirishani kama nzi kwenye bucha. Chogo lilikuwa na sifa moja kubwa: lilifanya kazi moja tu. Picha inaonekana au haionekani. Isipoonekana unalipiga kofi ubavuni, likikataa unampelekea fundi wa mtaani, anachoma risasi mahali, unarudi nalo nyumbani. Miaka kumi, kumi na tano, chogo linadunda, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

TV ya leo ni kompyuta. Ina memori, ina mfumo endeshi, inahitaji masasisho, inashika virusi. Lakini sisi tunainunua kwa akili ile ile ya chogo: tunaangalia ukubwa, tunauliza bei, tunabeba. Hapo ndipo tunapopigwa changa la macho.

Nenda Kariakoo kesho asubuhi. Kabla hujafika dukani, winga ameshakudaka. "Kaka, TV? Inchi ngapi? Hii hapa, smart, Android, 4K, vioo viwili, waranti miaka miwili, nakupa na bracket bure." Maneno sita ya sifa ndani ya sekunde kumi. Muulize 4K maana yake nini. Muulize Android toleo la ngapi. Muulize waranti ni ya nani, ya kiwanda au ya duka lake ambalo mwezi ujao linaweza kuwa linauza viatu. Atakwambia, "Kaka, wewe unanunua au unafanya usaili?"

Jibu lake ni kwamba unafanya usaili. Laki sita, laki saba ni hela ya kufanyia usaili.

Tuanze na inchi, maana ndizo zinazowatia watu wazimu. Inchi za TV hupimwa kutoka kona hadi kona ya upande wa pili, kioo peke yake, bila fremu. Inchi moja ni sentimita 2.54. Kwa hiyo TV ya inchi 32 kioo chake kina upana wa kama sentimita 71 na kimo cha sentimita 40. Ya inchi 43 ni upana wa sentimita 95 na kimo cha 53 na nusu. Ya inchi 55 ni sentimita 122 kwa 68. Futi kamba ya fundi cherehani inatosha kumaliza ubishi wowote dukani. Kama muuzaji hataki upime, umeshapata jibu.

Angalieni kitu kingine katika hesabu hiyo. Kutoka 32 kwenda 43 mtu anaona ameongeza inchi 11 tu. Kwa eneo la kioo ameongeza asilimia 80. Ndiyo maana nasema kwa sebule zetu, 43 ndiyo saizi yenye akili, na 50 kama chumba kinaruhusu. Nyumba zetu nyingi za kupanga sebule ni futi 10 kwa 10, au 10 kwa 12. Ukiweka kochi ukutani na TV ukuta wa pili, macho yako yako mita mbili, mbili na nusu kutoka kwenye kioo. Kanuni ya kawaida ya kukaa mbali na TV ni kuzidisha urefu wa kona kwa kona mara 1.6. Kwa inchi 43 unapata mita 1.75. Kwa inchi 55 unapata mita 2.24. Sasa jamaa yangu amekopa ili aweke inchi 65 kwenye chumba ambacho akinyoosha miguu inagusa kabati la TV. Anaangalia mpira kwa kugeuza shingo kama anaangalia tenisi!

Halafu 4K. Hapa naomba tutulie. Kioo cha Full HD kina pikseli 1920 kwa 1080. Cha 4K kina 3840 kwa 2160, yaani mara nne. Inasikika kama neema. Lakini kwenye kioo cha inchi 43, pikseli moja ya Full HD ina upana wa nusu milimita. Jicho la kawaida lenye afya likiwa zaidi ya mita 1.7 halitofautishi tena vitu vidogo hivyo. Wewe umekaa mita mbili na nusu. Unalipia pikseli milioni sita za ziada ambazo jicho lako halizioni, ili uangalie taarifa ya habari ambayo kituo chenyewe hakiirushi kwa 4K. Sisemi 4K ni mbaya. Ukikuta TV mbili, bei moja, kampuni yenye jina, chukua ya 4K kiroho safi. Ninachosema ni kwamba usiache kioo kizuri cha Full HD ukachukua kioo kibovu cha 4K kwa sababu ya kibandiko.

Kioo kizuri ni kipi? Sebule ya Mswahili haina mtazamaji mmoja aliyekaa katikati kama kwenye tangazo. Baba yuko kwenye kochi, shangazi yuko pembeni karibu na mlango, watoto wako kwenye mkeka, jirani amesimama anasema "mimi napita tu" huku dakika ya 70 inaingia. Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani ni hili: toka mbele ya TV, nenda pembeni kabisa, kisha chuchumaa. Rangi zikipauka na nyuso zikawa kama za mizimu, hicho kioo si cha familia. Jaribio la pili ni kuweka picha nyeupe tupu, halafu nyeusi tupu. Kwenye nyeupe utaona madoa na vidoti vilivyokufa, kwenye nyeusi utaona mwanga unaovuja kwenye kona. Picha hizo mbili unazibeba mwenyewe kwenye flashi. Usikubali kuonyeshwa ile video ya maua na samaki ya muuzaji. Ile imetengenezwa ili hata kioo kibovu kionekane kizuri.

Na hii sifa ya "vioo viwili" ni kweli ina faida kwa nyumba yenye watoto wa kurusha mpira, maana kioo cha mbele kinakinga kile chenyewe cha picha. Lakini kinaakisi mwanga. Kama TV inatazamana na dirisha, mchana utakuwa unajiangalia mwenyewe.

Haya, tuingie kwenye ujanja wenyewe.

Kwanza kisikio cha antena. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho kwa nchi nyingi zikiwemo zetu. Watu wakaambiwa digitali, digitali. Wakanunua TV zilizoandikwa "digital" kumbe ndani zina DVB-T, teknolojia ya zamani, ambayo haiwezi kusoma mawimbi ya DVB-T2. Herufi moja na tarakimu moja tu: T na 2. Kama hiyo 2 haimo, antena yako haitaleta hata chaneli moja ya T2, hata zile zisizofungwa. Mpaka leo zipo madukani. Vile vile ndugu zetu walioko Marekani, Mungu awabariki, wanatutumia TV kwenye kontena. TV za soko la Marekani zina kisikio cha mfumo wao, ATSC, na nyingi zinataka umeme wa volti 120. Ukiichomeka kwenye volti zetu 230 bila kuuliza, unasikia "pu!" na zawadi imekwisha.

Pili, memori. TV nyingi za bei ya chini zina ramu ya GB 1 na hifadhi ya GB 8, na sehemu ya hiyo 8 imeshaliwa na mfumo wenyewe. Winga anakwambia "hii ni ya GB 8" kwa sauti ya mtu anayeuza almasi. Simu ya GB 1 ya ramu usingeipokea hata ya kuokota, lakini TV unailipia laki saba. Siku ya kwanza inaruka. Mwezi wa sita unabonyeza rimoti, unakwenda kuchota maji, unarudi ndipo inafungua.

Tatu, na hapa ndipo penye uchungu, ujanja unakufa kabla ya kioo. Hili halihitaji ramli, limeshatokea mara nyingi. Mwezi Aprili 2015 Google walifunga njia ya zamani ya YouTube, na TV janja nyingi za mwaka 2012 kurudi nyuma zikapoteza YouTube. TV nzima, kioo kinang'aa, YouTube hakuna. Desemba 2019 Netflix ikaacha kufanya kazi kwenye baadhi ya TV za Samsung za mwaka 2010 na 2011. Hao ni wakubwa, wenye majina, wenye ofisi. Sasa hiyo TV yako yenye jina ambalo ukilitafuta kwenye intaneti huoni hata tovuti ya kiwanda, nani atakuletea masasisho?

Mtaani kwetu kuna mama anauza vitumbua. Zamu yake ya mchezo ilipofika alinunua TV janja ya inchi 43 kwenye duka moja mjini. Sababu yake ilikuwa nzito kuliko za wengi wetu: hakutaka wanawe waendelee kushinda kwenye kibanda umiza na watu wazima wanaovuta sigara na kubeti. Mwaka haujaisha, YouTube ikawa inadai isasishwe, ikisasishwa inasema nafasi imejaa. Netflix haikuwahi kufunguka hata siku moja, ingawa rimoti ina kitufe chake chekundu. Antena haikukamata kitu. Akarudi dukani, akaambiwa waranti inahusu kioo na umeme, "mambo ya programu hayahusiki". Leo ile TV imeunganishwa na king'amuzi, basi. TV janja inafanya kazi ya chogo, kwa bei ya TV janja. Vitumbua vingapi vile, jamani?

Nne, usalama. Hapa wengi watasema naleta habari za sinema. Naomba msome polepole. Kuna mifumo ya Google TV na Android TV iliyothibitishwa na Google wenyewe. Na kuna Android ya bure ambayo kiwanda chochote kinaichukua, kinaibandika kwenye TV au kwenye kisanduku cha TV, bila kukaguliwa na mtu. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma kuhusu mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa uitwao BADBOX 2.0: visanduku vya TV, projekta na vifaa vingine vya nyumbani vyenye Android isiyothibitishwa, vingi vimetengenezwa China. Baadhi vilikuwa na virusi tangu kabla ya kununuliwa. Kazi yake ni kuifanya intaneti ya nyumba yako iwe mlango wa wahalifu, wapite humo wakafanye mambo yao, na anayeonekana ni wewe. Julai 2025 Google wakafungua kesi Marekani, wakisema vifaa vilivyoambukizwa vimezidi milioni 10.

Kwa hiyo ile "Android" anayoimba winga si sifa mpaka ujue ni Android ipi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa. Iliyothibitishwa itajitaja kuwa ni Android TV au Google TV. Ukikuta ni Android tupu kama ya simu, na duka la programu lina jina usilolijua, weka rimoti chini, aga, ondoka.

Na msidhani wenye majina ni malaika. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ililipa dola milioni 2.2 kumaliza kesi ya kurekodi watu wanaangalia nini, kwenye TV milioni 11, bila ridhaa yao. Miaka minne baadaye, katika robo ya tatu ya 2021, kampuni hiyo hiyo ilipata faida ghafi kwenye matangazo na data zaidi ya mara mbili ya ile ya kuuza vifaa vyenyewe. Mmeelewa? TV inauzwa rahisi kwa sababu bidhaa yenyewe ni wewe uliyekaa kwenye kochi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na hiki kinatembezwa mpaka chumbani.

Tano, bando. Ujanja wa TV unakula intaneti. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, saa moja ya picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3, na ya 4K mpaka GB 7. Familia inayoangalia saa mbili tu kwa siku kwa HD inakaribia GB 180 kwa mwezi. Kwa 4K ni GB 420. Wangapi kati yetu wana waifai ya nyumbani isiyo na kikomo? Wengi tunawasha hotspoti ya simu, tunaangalia nusu ya tamthilia, ujumbe unaingia: "Ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako." TV janja isiyo na bando ni mwanafunzi mwenye akili asiye na ada.

Umeme nao usiusahau. TV ya inchi 43 kwa kawaida inakula wati 60 mpaka 100. Chukua 80, iwashe saa tano kwa siku, ni uniti 12 kwa mwezi. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, ambalo ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi, hizo 12 si kidogo, na ukipanda kwenda inchi 55 au 65 unajisogeza ukingoni kwa miguu yako mwenyewe. Kusoma kibandiko cha nyuma ya TV kilichoandikwa wati ni bure, lakini sijawahi kumwona mtu anakisoma.

Sasa najua hoja zenu. Nazisikia kabla hamjaandika.

"Wewe mwandishi unatuambia tununue TV isiyo janja, iko wapi? Siku hizi zote ni janja." Kweli kabisa, kwa inchi 43 zimekuwa adimu. Sikusema uikimbie TV kwa sababu ina ujanja. Nimesema usiilipie kwa sababu ya ujanja. Pima kioo, pima sauti, pima kampuni, halafu huo ujanja uhesabu kama bracket ya bure. Ukigoma kufanya kazi baada ya miaka mitatu, unachomeka kijiti au kisanduku kidogo kwenye tundu la HDMI, na TV inarudi ujana kwa sehemu ndogo ya bei ya TV mpya. Ila na hicho kisanduku kiwe kilichothibitishwa, maana visanduku vya vichochoroni ndivyo vilivyojaa kwenye ile orodha ya virusi. Usikimbie mvua ukaingia mtoni.

"Mbona jirani yangu ana hiyo hiyo unayoiponda na inadunda?" Inadunda mwezi wa ngapi? Nitafute mwezi wa kumi na nane.

"Maskini hachagui. Mwenye laki nne achague nini?" Hii ndiyo hoja ninayoiheshimu, na ndiyo iliyonifanya niandike. Tajiri akikosea TV ananunua nyingine, ile ya kwanza anampa dada wa kazi. Maskini akikosea, amekosea mpaka zamu ya mchezo irudi tena. Kwa hiyo mwenye laki nne ndiye mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kuchagua. Na namwambia bila aibu: inchi 32 ya kampuni yenye fundi na spea mjini ni bora mara mia kuliko inchi 43 ya jina la kubahatisha. Wageni wataisema ndogo. Waache waseme, hawakuchangia.

Lakini lawama zote tusimbebeshe mnunuzi wala winga. Winga anatafuta ugali wake. Ninaowalaumu ni wawili.

Wa kwanza ni sisi waandishi wa habari. Ndiyo, fani yangu. Fungua ukurasa wa "teknolojia" wa gazeti lolote, angalia kipindi cha asubuhi. Kampuni inazindua TV, waandishi wanaitwa hotelini, wanakula, wanapewa bahasha ya nauli, kesho yake habari inatoka neno kwa neno kama karatasi ya kampuni ilivyosema: "picha halisi zaidi, sauti ya kipekee, kwa bei ya Mtanzania wa kawaida." Hakuna aliyeiwasha. Hakuna aliyeuliza masasisho yatakuja kwa miaka mingapi, wala kioo kikipasuka kinauzwa kiasi gani. Msomaji aliyenunua gazeti anadhani amesoma habari, kumbe amelipia tangazo. Huo ni usanii, na wenzangu mtanisamehe, lakini mnajua nasema kweli.

Wa pili ni wenye dhamana. Tuna Shirika la Viwango, TBS. Tuna Tume ya Ushindani, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 2003, ambayo kazi zake ni pamoja na kumlinda mlaji. Tuna TCRA. Sasa angalieni wenzetu. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, anayeuza kifaa kinachounganishwa na intaneti, TV ikiwemo, lazima atangaze masasisho ya usalama yatatolewa kwa muda gani. Jumuiya ya Ulaya inawataka watengenezaji wa TV wahakikishe spea muhimu zinapatikana kwa angalau miaka saba baada ya toleo la mwisho kuingia sokoni, na tangu Machi 2021 kila TV dukani kwao ina kibandiko cha daraja la matumizi ya umeme, A mpaka G. Viwanda vinavyowauzia wao vingi ndivyo vinavyotuuzia sisi. Wao wanaambiwa, sisi tunaimbiwa.

Sidai miujiza. Nadai kibandiko kimoja tu, kwa Kiswahili, kwenye kila boksi la TV inayoingia bandarini: kisikio ni T2 au siyo, mfumo umethibitishwa au haujathibitishwa, masasisho mpaka mwaka gani, wati ngapi, kioo halisi sentimita ngapi, na fundi anayewajibika anapatikana wapi. Mistari sita. AFCON ya mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa kuiandaa pamoja, na mashindano kama hayo huwa ni mavuno ya wauza TV. Makontena ya feki na kanyaboya hayahitaji kibali cha CAF, kwa hiyo kibandiko hicho kinatakiwa kabla, si baada ya watu kulia.

Mpaka hapo kitakapopatikana, jilindeni wenyewe. Nendeni na futi kamba na flashi. Washeni TV, si moja ya maonyesho bali ile ile mtakayoibeba. Fungueni YouTube na Netflix hapo hapo kwa hotspoti yenu. Hesabuni matundu ya HDMI, yasipungue mawili: moja la king'amuzi, moja la kijiti au deki. Mwenye king'amuzi cha zamani aangalie kama lipo tundu la waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, au kama waya wake wa kuunganishia umo kwenye boksi. Sikilizeni sauti kwa mazungumzo ya watu, si kwa muziki, maana TV nyembamba zina vispika vidogo na si kila mtu ana hela ya sabufa. Ulizeni bei ya kioo na ya taa za ndani kabla ya kulipa, kwa fundi, si kwa muuzaji. Mkifika nyumbani punguzeni mwanga wa kioo kutoka kwenye ule wa kiwandani, taa zitadumu zaidi na umeme utapungua. Nunueni na kile kifaa cha kuilinda na umeme unaopanda na kushuka. Na daini risiti ya EFD yenye jina la TV na namba yake, maana waranti bila risiti ni hadithi ya sungura na fisi.

Atakayekukatalia hayo yote anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia. Na mbuzi huyo siku hizi ana kamera, ana maikrofoni, na anajua nywila ya waifai yako.

Wahenga walisema mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani. Mimi natamani siku moja nipite Msimbazi nikute mawinga wako mashakani, kila mteja ameshika futi kamba mkononi na flashi mfukoni, anauliza T2, anauliza masasisho, anauliza spea. Siku hiyo hata hizo TV zitakuwa janja kweli, maana hazitakuwa na namna nyingine ya kuuzika.

Nawasilisha. Wenye kunipinga uwanja ni wenu, ila mje na hoja, msije na inchi.